Macho ya Watu Ndani ya Kichwa Chako



Vijana wenzangu, kina dada na kina kaka. Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao chetu cha vijana. Nimeyaandika kwa sababu wengi hamkuweza kufika na mmekuwa mkiuliza. Nimeyaacha karibu vilevile nilivyoyasema, kwa hivyo ukikuta mahali nimerukaruka, nivumilie.

Mada ilikuwa wanawake, sura zao na vyombo vya habari. Najua ukisikia mada kama hii unajua tayari mhadhara utakavyokwenda. Ama utaambiwa ujifunike na uzime simu, ama utaambiwa kila mtu ni mrembo kwa namna yake. Sikuja na hayo. La kwanza ushaambiwa na kila mtu, kuanzia shangazi yako mpaka makanga wa matatu. La pili ushaliona kwenye tangazo la sabuni, na huko mbele nitakueleza huyo anayeliuza anauza na nini kingine.

Ninachotaka tukiangalie ni kimoja tu. Hii biashara ya kuwatazama wanawake inaingiaje ndani ya kichwa cha msichana, ikakaa humo, mpaka akaanza kujitazama mwenyewe kwa macho ya watu wasiomjua? Na ikishakaa humo, inamla nini?

Hebu tuanze na sisi wenyewe.

Mnakumbuka ile video ya dada yetu aliyezungumzia vitambulisho? Msichana amesimama mbele ya kamera, amejiandaa, tarehe anazo, sheria anaijua. Anaeleza vile kijana wa Kiislamu alivyokuwa akitakiwa alete mpaka cheti cha babu yake ndiyo apewe kitambulisho, na mwenzake mwenye jina lingine akiingia ofisi ileile na kutoka bila maswali. Dakika nne nzima. Sasa nenda kasome maoni chini yake. Mmoja anauliza, ameolewa? Mwingine anasema mdomo umepakwa rangi, hana la kutufundisha. Mwingine ati masha Allah, niunganisheni na huyu. Mwingine anasema amekonda sana, ale. Kuna hata aliyeuliza wanja ule ameununua duka gani. Waliozungumzia vitambulisho unawahesabu kwa vidole, na vidole vinabaki.

Angalia vizuri hapo. Waliomsifu na waliomtusi wamefanya kitu kimoja. Wote wametazama uso, hakuna aliyesikiliza. Tulipomwomba arekodi sehemu ya pili alikataa. Akatuambia, "Mwekeni kaka yeyote, yeye watamsikia." Na si uongo. Mwezi huohuo kaka mmoja wetu alirekodi video fulana imekunjamana, nywele hazijaona kitana tangu asubuhi, na hakuna hata mtu mmoja aliyeliona hilo. Watu walibishana na hoja zake, wengine kwa ukali, lakini ni hoja walizokuwa wakibishana nazo.

Huyu dada hakunyamaza kwa sababu aliambiwa ni mbaya. Wengi walimwambia ni mzuri. Liweke hilo kichwani, tutalihitaji.

Usidhani ni ukurasa wetu pekee wenye tabia hii. Kuna mradi wa dunia nzima unaofuatilia habari kila baada ya miaka 5, ulianza 1995. Wanachukua siku moja, nchi baada ya nchi, wanahesabu ni nani aliyetajwa na nani aliyehojiwa kwenye magazeti, redio na televisheni. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17. Mwaka 2020 wakafika asilimia 25. Miaka 25 nzima imepita na bado katika kila watu wanne kwenye habari, mwanamke ni mmoja. Halafu toka nje ya habari uangalie matangazo. Bango la mabati, yeye. Rangi ya ukuta, yeye. Tairi za gari, yeye, ameegemea tairi kama vile ndiyo kazi yake. Pale anapohitajika aseme hayupo, pale anapohitajika aonekane hakosekani.

Sasa kuna mtu ataniambia, picha ni picha tu, mimi nina akili zangu. Sawa. Nataka nikupeleke mbali kidogo, mpaka visiwa vya Fiji kule bahari ya Pasifiki, kwa sababu watu wa huko wana jambo moja walilofanana na sisi wa Pwani. Mwili wenye nyama kwao ulikuwa habari njema. Ukinenepa ina maana watu wako wanakutunza, kwenu kuna chakula na kuna upendo. Ukikonda, jirani anauliza kuna nini. Si ni kwetu huko? Nyanyangu mimi mpaka leo nikimtembelea ananishika mkono anapima. Akiniambia "umenawiri" najua ni dua. Akiniambia "mbona hivi, kwani waumwa?" najua sitatoka bila sahani ya pili.

Basi, mwaka 1995 televisheni iliingia kwenye jimbo moja la Fiji liitwalo Nadroga. Kabla ya hapo haikuwepo. Daktari na mtafiti mmoja, Anne Becker, alikuwa akifanya kazi huko, akaona hii ni nafasi haiji mara mbili. Akawauliza wasichana wa shule, umri wa miaka 17 hivi, kuhusu kula na kuhusu miili yao, wiki chache tu baada ya televisheni kufika. Akarudi 1998, akawauliza wasichana wa rika lilelile maswali yaleyale. Wasichana waliojitapisha kwa makusudi ili wapungue mwaka 1995: hakuna. Mwaka 1998: asilimia 11. Waliokuwa na dalili za kuwa na shida na chakula walitoka asilimia 12 na kitu mpaka 29. Na wasichana watatu katika kila wanne walisema kuna wakati wanajiona wakubwa mno au wanene.

Ni wasichana wachache, sitakudanganya, mara ya kwanza 63 na mara ya pili 65. Mtu anaweza kubishana na hesabu hizo. Lakini kitu kilichonishtua mimi si hesabu. Ni kwamba hakuna aliyekuja Nadroga kuwaambia wale wasichana kwamba miili ya mama zao ni mibaya. Waliletewa michezo ya kuigiza na matangazo, basi. Wakakaa wakatazama. Miaka mitatu ikatosha kugeuza kitu ambacho wazee wao walikiona ni baraka kikawa ni aibu.

Na sisi je? Nenda stendi yoyote uangalie vikaratasi vilivyobandikwa ukutani. Chai ya kukondesha, mkanda wa kubana tumbo, dawa ya kuongeza makalio. Angalia hapo ujinga wa soko: karatasi moja inakuambia punguza, iliyo chini yake inakuambia ongeza, na nambari ya simu wakati mwingine ni ileile.

Nilisema maswali ni mawili, inaingiaje na inakula nini. Nimekuonyesha inavyoingia. Hili la pili ndilo lililonikosesha usingizi.

Mwaka 1998 huohuo, Barbara Fredrickson na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani. Mwanafunzi anaingia peke yake kwenye chumba chenye kioo. Wengine wanapewa sweta, wengine vazi la kuogelea. Anavaa, anajitazama, halafu akiwa amelivaa bado anapewa mtihani wa hesabu. Wasichana waliovaa vazi la kuogelea walifanya vibaya zaidi kuliko waliovaa sweta. Wavulana haikuwapunguzia chochote.

Chumbani hamna mtu. Hakuna mwanamume anayemtazama, hakuna kamera, mlango umefungwa. Aliyemtazama ni yeye mwenyewe. Sehemu ya akili yake ilikuwa imetoka nje ikasimama pembeni kumkagua: tumbo likoje, mapaja yakoje. Akili iliyobaki ndiyo iliyofanya hesabu.

Sasa mrudishe akilini dada yetu wa vitambulisho. Unadhani mara ya pili angesimama mbele ya kamera akiwaza sheria ya usajili? Angekuwa anawaza mdomo wake. Akipaka rangi wataongea, asipopaka wataonekana kama mgonjwa. Na sifa zinafanya kazi ileile ya matusi, ndiyo maana nikakuambia ulihifadhi lile. Anayeambiwa ni mzuri naye ameambiwa kwamba anakaguliwa. Amefaulu leo, kesho atakaguliwa tena.

Mwalimu mmoja wa madrasa aliniuliza, kwani zamani wanawake hawakujipamba? Swali zuri. Walijipamba, tena sana. Pwani hii nani asiyejua hina, wanja, liwa, udi, asmini kwenye nywele? Kuna usiku wa kupamba, bi harusi anakalishwa juu aonekane, na kazi yake usiku ule ni kuonekana tu. Mimi naupenda usiku ule na sitaki mtu anambie ni ushamba au ni dhambi. Lakini tazama ulivyopangwa. Wanaomtazama ni wanawake, na ni watu wanaomjua: waliomwona akiota meno, waliomfundisha juzuu, watakaomletea uji akijifungua. Wanamtazama saa chache, wanapiga vigelegele, wanakula, wanarudi makwao. Kesho yeye ni mtu kama watu, ana sufuria za kuosha. Ndiyo maana baadhi ya harusi sasa simu zinaachwa mlangoni. Kina mama wale hawajasoma utafiti wowote, lakini wameelewa kwamba picha ikitoka nje ya ukumbi, usiku wa kupamba hauishi tena.

Simu ndiyo hiyo. Ni usiku wa kupamba usiokwisha, na watazamaji ni watu usiowajua, na hawarudi makwao.

Wenye hizo programu wanajua. Mwaka 2021 mfanyakazi wa zamani wa Facebook, Frances Haugen, alitoa nyaraka za ndani za kampuni. Gazeti la Wall Street Journal likazichapisha mwezi wa Septemba, na mwezi uliofuata yeye mwenyewe akaenda mbele ya Seneti ya Marekani kueleza. Humo ndani watafiti wa kampuni waliandika kwamba kati ya wasichana wanaojisikia vibaya kuhusu miili yao, karibu mmoja katika watatu alisema Instagram ilimzidishia. Kampuni ilijibu kwamba nyaraka zimesomwa vibaya, kwamba hao walikuwa na shida tayari, na kwamba wengine walisema imewasaidia. Haya, tuchukue jibu lao kama lilivyo. Bado ni kampuni iliyopata habari kwamba msichana mwenye kidonda inamtonesha, na ikaendelea na biashara. Manake biashara yenyewe ni kukuweka macho kwenye kioo muda mrefu uonyeshwe matangazo, na mtu aliyetulia na nafsi yake haangalii muda mrefu. Ana mambo ya kufanya.

Halafu kuna filta. Ushawahi kuweka filta ya urembo ukaangalia inakufanyia nini? Pua inakuwa nyembamba, macho makubwa, ngozi nyeupe. Kila mara. Sijaona filta ya urembo inayomfanya mtu awe mweusi zaidi, pua ikawa pana kama ya babu yangu. Msichana anajitazama humo mara hamsini kwa siku, akizima simu na kuangalia kioo cha bafuni anakutana na mtu asiyemfurahisha. Ufaransa tangu Oktoba 2017 picha ya tangazo iliyobadilisha umbo la mwanamitindo lazima iandikwe kwamba imerekebishwa. Norway ikafuata, sheria yao ikaanza kazi 2022, na inawagusa hata wale wanaotangaza bidhaa kwenye kurasa zao wenyewe. Nani anaitafuta picha yako binafsi na filta yake? Hakuna. Hiyo unajirekebisha mwenyewe kwa mkono wako.

Na filta ya ngozi ikitoka kwenye simu inaitwa krimu.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa hatuongelei tena hisia, tunaongelea figo. Mnajua ninachosema. Kijidubwana hakina jina, hakina nambari, hakina nchi, unauziwa chini ya kaunta, "hii ni ya bi harusi." Miezi mitatu kabla ya ndoa msichana anaanza kujichubua ili siku ya picha atoke mweupe. Baadhi ya krimu na sabuni hizo zina zebaki. Zebaki inaharibu figo, na kwa mwenye mimba inamfikia mtoto tumboni. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ukiitumia muda mrefu inaweza kukuachia mabaka meusi ya kibuluu usoni, yaani umelipa pesa kupata kilekile ulichokuwa ukikikimbia, na kwa sura mbaya zaidi. Nyingine zina steroidi kali, zinaifanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa inaonekana, na ukiacha uso unawaka. Krimu za zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku hapa Kenya. Marufuku kwenye karatasi ni kitu kimoja, kaunta ni kitu kingine.

Kama umetumia, usinifiche mimi, lakini zaidi usimfiche daktari. Mwambie jina la krimu, mpelekee chupa. Hasa kama una mimba. Hasa kama umeanza kuvimba miguu au uso. Hakuna mtu wa maana atakayekucheka, na atakayekucheka mbadilishe, tafuta daktari mwingine.

Nilikuahidi habari ya tangazo la sabuni. Kampuni ya Unilever mwaka 2004 ilianza matangazo ya Dove ya kuwaambia wanawake wajipende walivyo, uzuri wa kweli, machozi na muziki. Kampuni hiyohiyo ilikuwa ikiuza Fair & Lovely, krimu iliyoanza India mwaka 1975, yenye kuwaambia wanawake kwamba weupe ndio upendeke. Duka moja, rafu mbili. Mwaka 2020, dunia ilipowaka baada ya kuuawa George Floyd, jina likabadilishwa likawa Glow & Lovely. Ukiambiwa ujipende, tazama kwanza risiti imetoka wapi.

Sasa niwageukie dada zangu wa buibui, kwa sababu najua kuna mtu amekaa kimya anajiambia haya ni ya wale wasiojistiri. Dadangu, fungua simu yako. Mashungi ya namna saba, abaya ya laki, mafunzo ya mekapu "ya heshima", mwanamke mmoja mwembamba mweupe mrefu katika kila picha. Kitambaa kimeongezeka, ukaguzi uko palepale.

Kuna mtu wa kutufundisha hapa, na ana uhusiano na nchi hii. Halima Aden, Msomali, alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 1997, akahamia Marekani akiwa mdogo. Mwaka 2016 aliingia mashindano ya urembo ya Minnesota akiwa na hijabu na burkini, akafika nusu fainali. Kampuni kubwa ya wanamitindo ikamchukua. Mwaka 2018 akatokea kwenye jalada la Vogue ya Uingereza na hijabu yake. Mwaka 2019 jarida la Sports Illustrated likamweka kwenye toleo lake la mavazi ya kuogelea akiwa na burkini, na picha zilipigwa wapi? Watamu. Hapa Kilifi. Wengi tulishangilia, na ninaelewa kwa nini. Binti wa Kakuma amerudi kwenye bahari yetu, dunia inamtazama, na kichwa kimefunikwa.

Novemba 2020 akaacha kazi hiyo. Alieleza mwenyewe kwenye Instagram vile hijabu yake ilivyokuwa ikipungua kidogo kidogo, kazi baada ya kazi. Kwenye kazi moja walimwekea suruali ya jinzi kichwani badala ya mtandio. Hakuna aliyemlazimisha aivue siku moja. Walikuwa wakiirekebisha, kila mpiga picha akiongeza lake, mpaka akajitazama kwenye picha zake asijione. Mimi sioni kwamba Halima alishindwa. Naona alifika mahali wengi hatufiki, akaona soko halina ugomvi na hijabu wala halina mapenzi nayo. Linataka kitu cha kutazamwa. Ukija na hijabu litaitazama hijabu, mpaka ikaishia kuwa suruali.

Na si soko tu. Serikali nazo zinapenda kuvaa mwili wa mwanamke kama bendera. Agosti 2016 ufukweni Nice, Ufaransa, dunia iliona picha za polisi wenye silaha wamemsimamia mwanamke aliyekaa kwenye mawe mpaka akavua shati lake la juu. Mwezi huohuo mahakama kuu ya utawala ya nchi hiyo ikasimamisha marufuku ya burkini iliyowekwa na mji mwingine wa jirani. Septemba 2022 Iran, Mahsa Amini, miaka 22, alikamatwa kwa ajili ya ushungi wake na akafa akiwa mikononi mwa wenye mamlaka. Mmoja amezidisha nguo, mwingine amepunguza. Magazeti yakajaa vichwa vya wanawake. Ni kurasa ngapi zilimwuliza mwanamke mwenyewe anataka nini?

Kina kaka, msitoke. Najua mmoja ameshaangalia saa.

Aya ya 30 ya Surat An-Nur inawaambia wanaume wainamishe macho. Aya inayozungumza na wanawake ni ya 31. Inakuja baada yake. Sisi tunasoma kama vile ya 31 ilishuka peke yake. Kuinamisha macho kwenye simu ni jambo la kidole: usibonyeze, usikuze picha, usiandike. Dada akizungumzia bei ya maji, andika kuhusu bei ya maji. Kama huna la kusema kuhusu maji, hujalazimishwa kuandika. Na wale wa vikundi vya WhatsApp mnaoweka picha za wasichana wa mtaa mkawapa maksi, mnajijua. Akikataa kuzungumza mbele ya watu mwaka kesho, alama zenu zimo. Picha ya siri ya mtu ukiisambaza, hilo si suala la adabu tena, ni kosa la jinai. Sheria ya makosa ya mitandao ya mwaka 2018, kifungu cha 37: faini mpaka shilingi 200,000, au kifungo mpaka miaka 2, au vyote viwili.

Kwa kina dada nina machache, na hakuna hata moja linalosema "jipende." Mtu hajipendi kwa amri.

Leo usiku pita kwenye akaunti unazofuata. Moja baada ya moja jiulize, nikitoka hapa huwa nimejifunza kitu au huwa nimejipima? Zile za kujipima ziondoe, hata kama ni za rafiki, unaweza kumnyamazisha bila yeye kujua. Zima filta mwezi mmoja. Wiki ya kwanza utajiona vibaya, najua, uso utahitaji muda uuzoee tena. Mdogo wako akimaliza kitu, msifu kwa alichokifanya, kabla ya kumwambia amependeza. Na wewe mama unayesoma haya kupitia simu ya mwanao, ukisimama mbele ya kioo ukajitukana tumbo, kuna mtoto wa miaka sita mlangoni anaandika.

La mwisho ni la kwetu sote. Tumekubaliana kwenye kikao kwamba kuanzia sasa, kwenye video zetu, maoni yoyote kuhusu sura, mwili au nguo ya mzungumzaji yatafutwa, ya sifa na ya matusi pamoja. Hata masha Allah ya sura. Tutafuta pia kwa wanaume, tusionekane tuna upendeleo, ingawa hapo sidhani kama tutapata kazi nyingi. Wawili wamejitolea kusimamia zamu, tunahitaji wengine watatu.

Yule dada wa vitambulisho nimemwambia uamuzi huo. Hajasema ndiyo. Ameuliza kama tutazingatia kweli, nikamwambia aangalie wiki nne halafu aamue. Kwa hivyo wiki nne hizi tunaangaliwa sisi.

Wanaotaka zamu, niandikieni kwa njia ya ujumbe. Na maswali wekeni hapo chini, nitaanza kujibu baada ya Isha.